Kabla ya Mkataba Kulikuwa na Shahidi: Mwenye Nyumba na Mpangaji, Toka Litumbandyosi Mpaka Kariakoo

Wadau, kuna vitu viwili vinavunja undugu Bongo hii bila hata ngumi kurushwa: mkopo na kodi ya nyumba. Mkopo tuuache leo. Tuongee kodi.

Kila aliyewahi kupanga ana stori yake. Mama mwenye nyumba anayehesabu ndoo zako za maji. Baba mwenye nyumba anayegonga mlango tarehe moja alfajiri, hata mswaki hujapiga. Ukienda upande wa pili, nao wana zao: mpangaji aliyehama usiku wa manane na deni la miezi mitatu, akaondoka na balbu mpaka komeo la choo. Tunacheka, tunasimuliana, halafu kila mtu anamalizia vilevile: "Wenye nyumba wa siku hizi hawana utu," au "Wapangaji wa siku hizi wahuni."

Hapo kwenye "siku hizi" ndipo pa kusimama kidogo. Ukiifuata historia nyuma, utakuta watu wa zamani hawakuwa malaika. Walikopana, walidhulumiana, walinuniana kama sisi. Ila walikuwa na kitu kimoja ambacho sisi tumekiacha njiani. Ili tukione vizuri, tuanzie mbali kabisa na mji.

Litumbandyosi, ambako "kila mtu ana kwake"

Litumbandyosi ni kata ndani ya wilaya ya Mbinga, mkoa wa Ruvuma. Mwambie mtu wa Sinza kwamba huko nako kuna wapangaji, atakushangaa. Kijijini si kila mtu ana nyumba yake?

Sio kila mtu. Mwalimu aliyepangiwa shule akitokea Mwanza hana kwao pale. Muuguzi wa zahanati, afisa ugani, mnunuzi wa mazao, wote wanatafuta chumba. Na toka 2011, makaa ya mawe yalipoanza kuchimbwa Ngaka, wilaya hiyohiyo ya Mbinga, kumekuwa na wageni wengine: madereva, mafundi, vibarua. Mtu aliyejenga nyumba ya matofali ya kuchoma ili wanawe walale anajikuta ana chumba cha kupangisha. Hajawahi kujiita mwenye nyumba, lakini kuanzia siku hiyo ndiye.

Sasa cheki zamani ya wilaya hiyo. Wamatengo wa milima ya Mbinga wanajulikana kwa kilimo cha ngolo, yale mashimo yanayochimbwa kwenye miteremko ili mvua isibebe udongo. Ardhi yao ilipangwa kwa ntambo, yaani kipande cha mlima chini ya ukoo mmoja. Na ukoo ulikuwa na kikao chake kiitwacho sengu. Watu walikula pamoja, na hapohapo kwenye chakula mambo yakazungumzwa: nani kapewa shamba wapi, nani kavuka mpaka, kijana gani anahitaji kukanywa. Huwezi kusema "sikuahidi" wakati uliahidi mbele ya wazee kumi wakiwa na tonge mkononi.

Baadaye kahawa iliingia Mbinga, miaka ya 1920, pesa ikaja, na mabati nayo yakaanza kung'aa. Milimani ardhi ikabana, watu wakashuka kutafuta mashamba maeneo ya chini yenye misitu ya miombo. Ukishuka hivyo unakuwa mgeni. Mgeni anaomba pa kulima na pa kulala, na ombi lake linasikika na watu. "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe" ina masharti ndani yake ukiiangalia vizuri. Inasema ukarimu una siku zake, na baada ya hapo una wajibu wako.

Katikati ya miaka ya 1960 TANU ikaleta balozi wa nyumba kumi. Mgeni akihamia, balozi anajua. Ugomvi ukitokea, balozi anaitwa kabla hata mwenyekiti hajasikia. Mjini tukamwita mjumbe. Kwa hiyo toka sengu mpaka balozi, sura zilibadilika lakini kazi ilibaki moja: makubaliano ya watu wawili yalikuwa na mtu wa tatu aliyeyasikia.

Hicho ndicho kitu chenyewe. Shahidi. Na ukitaka kujua nini hutokea shahidi akikosekana, panda boti twende Unguja.

Ng'ambo 1928: fadhila ilipogeuka bili

Ng'ambo ya Unguja ilikua upande wa pili wa Mji Mkongwe, ikajaa watu wa kawaida, wengi wao waliokuwa watumwa na vizazi vyao. Mfumo wao ulikuwa wa ajabu kidogo: nyumba yako, kiwanja cha mwingine. Unajenga kibanda chako mwenyewe juu ya ardhi ya tajiri. Mwanzoni matajiri wengi hawakudai kitu cha maana. Walichopata ni heshima, watu wa kuwasalimia na kuwaunga mkono. Mpangaji alipata pa kuweka kichwa. Hakuna karatasi, hakuna bei, ni kuelewana tu.

Kisha mji ukapanuka, kiwanja kikawa na thamani, na waliokuwa wakipokea salamu wakaanza kutaka pesa. Kodi ya ardhi ikapanda. Hebu jiweke kwenye nafasi ya bibi aliyekaa pale miaka ishirini kwa neno la mtu aliyekwisha kufa, leo mrithi wake anakuja na daftari. Bibi anaona ni dhuluma, mrithi anaona ni haki yake. Nani atasema waliafikiana nini?

Mwaka 1928 Ng'ambo ikagoma. Watu walikataa kulipa kodi ya ardhi, na wanawake walikuwa mstari wa mbele. Waliokamatwa walikamatwa, lakini mwishowe serikali ya kikoloni ililazimika kuingilia na kuweka mipaka ya kodi hizo.

Somo la Ng'ambo wengi hulisoma kama tajiri mbaya dhidi ya maskini. Ni kweli, lipo hilo. Ila kuna lingine: uhusiano ule ulionekana mzuri kwa miaka mingi kwa sababu tu haujajaribiwa na pesa. Siku thamani ilipopanda, kila upande ulikuwa na kumbukumbu yake.

Nyumba ya Kiswahili: mwenye nyumba ndani, mpangaji ndani

Turudi bara, Dar es Salaam. Kabla ya maghorofa, Kariakoo, Ilala na Magomeni zilijengwa kwa ile nyumba tunayoiita ya Kiswahili. Unaijua: mlango wa mbele na baraza, korido katikati, vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto, nyuma uani kuna jiko, choo na bafu. Mwenyewe anakaa chumba kimoja au viwili, vilivyobaki anapangisha kimoja kimoja. Uani wanapikia wote. Choo wanatumia wote.

Nyumba hii ilikuwa shule ya mahusiano. Mwenye nyumba akiongeza kodi kihuni, vyumba vyote vinasikia jioni hiyohiyo. Mpangaji akileta fujo, anakutana uso kwa uso na watu wote asubuhi kwenye foleni ya choo. Zamu ya kufagia uani ilijulikana. Kwa lugha nyingine, uani ulikuwa sengu ya mjini. Mashahidi walikuwepo muda wote, hata ukiwachukia.

Lakini mji ulijaa haraka. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia nyumba hazikutosha, kodi zikapaa, na serikali ya kikoloni ikaanza kudhibiti kodi kwa sheria. Hapo sasa shahidi mpya akaingia uwanjani: dola yenyewe. Na alikaa muda mrefu kuliko watu wengi wanavyojua.

Enzi ambazo "mwenye nyumba" lilikuwa karibu na tusi

Mwaka 1958, kabla hata ya uhuru, Nyerere aliandika kijitabu kiitwacho Mali ya Taifa. Hoja yake ilikuwa nyepesi kuelewa: ardhi ikiuzwa kama shati, mwisho wake wachache watakuwa wenye ardhi na waliobaki watakuwa wapangaji kwenye nchi yao. Uhuru ulipokuja, 1963 umiliki wa moja kwa moja wa ardhi ulifutwa, ukageuzwa kuwa upangaji kutoka kwa serikali. Yaani kisheria hata yule tajiri wa mtaani kwenu kwa upande wa ardhi ni mpangaji. Kumbuka hilo siku akikuvimbia.

Huko Bukoba nako kulikuwa na nyarubanja, mfumo ambao mkulima alikaa kwenye shamba la bwana na kumlipa kwa mazao na utumishi. Sheria ya 1965 iliwapa wapangaji wale njia ya kuwa wenye mashamba.

Kisha 1967, Azimio la Arusha. Vijana wengi tunalijua kwa mabenki na viwanda. Lakini kwenye masharti ya viongozi kulikuwa na kimoja cha kuvutia: kiongozi asiwe na nyumba ya kupangisha. Kupangisha kuliwekwa kapu moja na kuwa na hisa kwenye kampuni au kupokea mishahara miwili. Ilihesabiwa kuwa unyonyaji. Sharti hilo lilikuja kulegezwa Zanzibar mwezi Februari 1991, kwenye kikao cha Halmashauri Kuu ya CCM. Toka hapo kiongozi kuwa na mjengo wa wapangaji ikawa kawaida, na leo hakuna anayeshtuka.

Kubwa zaidi lilikuwa Aprili 1971. Bunge lilipitisha sheria ya kutwaa majengo: jengo lenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 ambalo mwenyewe amelipangisha likachukuliwa na serikali. Walioguswa zaidi walikuwa Watanzania wenye asili ya Asia. Jengo lililozidi miaka 10 halikulipwa fidia. Familia zilizoamka zikiwa na ghorofa zililala zikiwa wapangaji wa Msajili wa Majumba, wakati mwingine ndani ya vyumba vyao wenyewe. Mwaka 1990 Msajili akaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa, NHC, ambalo lenyewe limekuwepo toka 1962.

Je, serikali ilikuwa mwenye nyumba mzuri? Kodi ilikuwa ndogo, hilo wapangaji wa enzi hizo watakuambia kwa tabasamu. Lakini kodi ndogo ilimaanisha pesa ndogo ya ukarabati. Rangi ikabanduka, lifti zikafa, mabomba yakavuja. Na huwezi kumgongea Msajili mlango jioni ukamwambia, "Mzee, bati linavuja." Shahidi alikuwepo, karatasi ilikuwepo, ila mtu wa kuzungumza naye hakuwepo. Nayo ni shida yake.

2005: mwaka ambao hakuna aliyekuambia

Kwa wamiliki binafsi, sheria ya kudhibiti kodi ilifanywa upya 1962, kisha 1984. Chini ya ile ya 1984 kulikuwa na kodi halali iliyowekwa na vyombo vya sheria, na mabaraza ya nyumba ya kusikiliza kesi. Mwenye nyumba hakuweza kukutoa kwa sababu tu umemkera au kapata mteja wa bei nzuri. Alitakiwa apate amri, na sababu zilitajwa kwenye sheria.

Raha kwa mpangaji? Ndiyo, kiasi. Ila maisha yana mbinu zake. Kodi ikibanwa mbele, pesa inapita nyuma: kilemba, ile pesa ya pembeni ya kuingilia. Wengine wakaona hakuna faida kujenga vyumba vya kupangisha. Wengine walishikilia vyumba vya bei chee miaka na miaka wakavipangisha kwa watu wengine kwa bei ya juu, mwenye nyumba akiangalia tu. Utamuonea huruma nani hapo?

Mwaka 2005 sheria ile ikafutwa. Hivyo tu. Kodi ikawa ni yale mnayokubaliana ninyi wawili. Kama ulizaliwa miaka ya 1990 na kuendelea, umekuwa mpangaji kwenye nchi ambayo dola imeshatoka kwenye chumba. Balozi wa nyumba kumi naye, toka vyama vingi virudi 1992, amebaki kuwa mtu wa chama. Uani umevunjwa, siku hizi kila mtu anataka chumba chenye choo ndani na "asijuane na mtu".

Yaani mashahidi wote wameondoka mmoja mmoja: ukoo, uani, baraza la nyumba. Lakini mazoea ya kuongea kwa mdomo yamebaki palepale. Tunaingia kwenye chumba cha watu kwa "usijali kaka, tutaelewana", tukidhani tuko Mbinga ya babu zetu. Babu alikuwa na wazee kumi nyuma ya neno lake. Wewe una dalali, na dalali akishapata mwezi wake mmoja hapokei simu.

Buku jero la LUKU

Unataka mfano wa karibu? Agosti 2021 serikali ilianza kukusanya kodi ya majengo kupitia LUKU. Nyumba ya kawaida ilikatwa shilingi 1,000 kwa mwezi, na 2023 ikapanda kuwa 1,500. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo. Lakini anayenunua umeme ni nani? Mpangaji. Serikali ilisema wakubaliane wenyewe namna ya kurudishiana.

Ni pesa ndogo, chini ya sahani ya chipsi kuku. Na bado iliwagombanisha watu. Mwenye nyumba anaona mpangaji anamdai vijisenti, mpangaji anaona anamlipia mtu kodi ya mali yake. Wote wana hoja. Kilichokosekana ni sentensi moja iliyosemwa mwanzoni: "Hii tutakata kwenye kodi" au "Hii iko ndani ya bei."

Ugomvi mwingi wa nyumba uko hivyo. Nani analipia maji, mgeni anaruhusiwa kulala siku ngapi, geti linafungwa saa ngapi, kitasa kikiharibika nani ananunua, kodi ikichelewa tunavumiliana siku ngapi. Ukimya wa mwanzo ndio unakuja kuzaa kelele za baadaye.

Sasa tufanyeje?

Chukulia yule mwalimu mgeni kule Litumbandyosi na mama mjane mwenye chumba. Mama amejenga kile chumba kama pensheni yake. Mwalimu anategemea mshahara ambao mwezi mwingine unachelewa. Hakuna tajiri hapo wala mnyonyaji, kuna watu wawili wanaotegemeana. Kinachowalinda ni vitu vichache tu, na vyote historia imeshavionyesha.

Kwanza, semeni yote kabla begi halijaingia. Mwalimu anasema, "Shikamoo mama, mshahara wangu unatoka mwisho wa mwezi, naomba tarehe ya kodi iwe tarano." Mama anasema, "Marahaba mwanangu, sawa, ila maji ya kisimani tunachota kwa zamu." Dakika tano, mmeokoa mwaka mzima.

Pili, andikeni. Sheria ya Ardhi ya 1999 inaruhusu upangaji wa muda mfupi, usiozidi mwaka mmoja, ufanyike hata kwa mdomo. Kwa hiyo mkataba wa mdomo ni halali. Ishu ni kuuthibitisha. Karatasi moja ya daftari yenye majina, kiasi, tarehe na sahihi inatosha kuanzia. Mali bila daftari hupotea bila habari, waliosema hivyo waliona mengi. Na kila ukilipa, pata risiti au lipa kwa simu ujumbe ubaki.

Tatu, rudisheni shahidi. Ofisi ya kijiji au serikali ya mtaa ipo. Wakati wa kusaini mchukue mtu wa tatu ambaye nyote mnamheshimu. Usione aibu, hata wazee wa sengu hawakuona.

Nne, jueni notisi. Kama hamkuandika muda na unalipa mwezi kwa mwezi, sheria inauchukulia upangaji wenu kuwa wa mwezi mmoja mmoja, na anayetaka kuumaliza anatakiwa atoe taarifa isiyopungua mwezi huo. Inamhusu mwenye nyumba, inamhusu na wewe unayehama usiku na balbu.

Tano, mkishindwana, kuna ngazi. Baraza la kata siku hizi kazi yake ni kusuluhisha. Likishindwa ndipo mnakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kung'oa mlango au kutupa godoro nje sio ngazi.

Mwalimu Nyerere alikuwa na usemi wake: kupanga ni kuchagua. Alikuwa anaongelea mipango ya nchi, ila kwa Kiswahili chetu neno ni lilelile. Ukipanga chumba unamchagua na mtu utakayeonana naye kila tarehe ya kodi. Na yeye akikupangisha anakuchagua wewe. Mkiishachaguana, wekeni neno lenu mahali ambapo mtu wa tatu analiona.

Haya, wewe na mwenye nyumba wako mara ya mwisho kukaa chini mkaongea kitu kisichokuwa tarehe ya kodi ilikuwa lini?